Difu Imenyamaza

6 Machi 1994

Baba, shikamoo.

Naomba barua hii ikukute mguu unapata nafuu. Mama aliporudi huko baada ya mazishi alikuwa na hofu kwamba utaitupa mikongojo kabla daktari hajaruhusu. Nikamwambia baba mkwe ninayemjua mimi hawezi kuitupa, ataifanyia marekebisho kwanza. Msalimie sana. Mwambie mjukuu wake anakula, analala, na jino la mbele limeanza kulegea. Saluni inaenda. Wateja bado wananipa pole wakiwa wamekaa kitini na mimi nimeshika wembe, kwa hiyo nimewaomba wawe wananipa pole nikishamaliza kuwanyoa.

Kilichonifanya nishike kalamu ni gari. Lile la milango miwili na pua ndefu, ulilompa binti yako siku alipopata leseni. Limekaa uani chini ya turubai tangu alipoanza kuzidiwa. Juzi nililiwasha. Injini iliitika mara moja, majirani wakatoka nje kutazama kama kuna trekta. Lakini nilipolitembeza nikausikia ule mlio wa nyuma, kama mtu anayeimba amefunga mdomo. Ukiongeza mwendo, nao unapanda. Ukipunguza, unashuka.

Yeye alisema ni difu. Alisema akipata nafuu ataifungua, kisha atakuja nalo huko kwenu. Vipuri alishanunua, viko kwenye boksi chini ya kitanda: beringi, sili, gasketi na madebe ya oili. Siku zake za mwisho aliniomba mtoto aje kwenu kwa gari hilo, si kwa basi, nami nikamwahidi.

Mafundi wa hapa wapo wengi. Lakini nataka kuifungua mwenyewe, na nataka unifundishe wewe uliyemfundisha yeye. Najua mikono yangu ni ya kunyoa ndevu. Najua pia kwamba mimi na wewe hatujazungumza tangu siku alipofariki. Sikujua nianzie wapi, basi nimeanzia kwenye gari.

Mkweo,
kinyozi

2 Aprili 1994

Mkwe wangu, marahaba.

Barua yako nimeipata. Mama mkwe wako hajambo, na kuku wake hawajambo, amenituma niandike hivyo hivyo. Mguu ni mguu. Nilitoka hospitali na vyuma ndani ya paja, na sasa nikigeuka kitandani nasikia kabisa kwamba kuna kazi ya fundi mwingine mwilini mwangu. Gereji nimemwachia fundi niliyekuwa naye. Kila jioni anakuja kuniambia mambo yote yako sawa, kwa hiyo najua hayako sawa. Mjukuu asing'olewe jino kwa uzi. Liacheni lianguke lenyewe.

Sasa gari. Difu ni lile bonge la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma. Injini iko mbele, nguvu yake inakuja nyuma kwa mtaimbo unaozunguka, inaingia kwenye difu, na difu inaigawa kulia na kushoto. Ukikata kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, na difu ndiyo inayoyaruhusu yaende mwendo tofauti bila kugombana. Kama mlio unabadilika unapokata kona, basi beringi za magurudumu zimechoka. Kama haubadiliki, tatizo ni gia zenyewe, na hapo tutazungumza lugha nyingine.

Mwenye gari alinunua beringi, maana yake alishasikiliza akajua. Mfuate.

Tafuta mahali pa sakafu ngumu. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe. Inua nyuma kwa jeki, kisha weka stendi za chuma, na usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake hata kama unafuata shilingi iliyodondoka. Kabla ya kumwaga oili, fungua kwanza kizibo cha kujazia, kile cha juu. Nimewaona wanaume wazima wamemwaga oili yote, halafu kizibo cha juu kikawakatalia, gari likabaki halina oili na haliwezi kutiwa nyingine. Kisha legeza bolti za mfuniko, lakini za juu usizitoe kabisa, ziache zishike kwa uzi mdogo. Chokonoa mfuniko kwa chini, oili itatoka. Inanuka vibaya sana. Usivae shati unalolipenda.

Ukishaona gia, utaona pini nene katikati. Ukiitoa hiyo ndipo ekseli, vile vyuma virefu vinavyoshika magurudumu, zinaweza kusukumwa ndani na kuachia. Baada ya kutoa pini usizungushe gurudumu hata kidogo. Narudia, usizungushe.

Niandikie umeona nini kwenye oili.

Mzee wa gereji

24 Aprili 1994

Baba, shikamoo.

Jino limeanguka lenyewe kama ulivyoagiza. Limeanguka ndani ya uji, tukalitafuta kwa kijiko. Mjukuu wako sasa anatamka maneno mengine kwa upepo, na anajua kwamba anachekesha, basi anayarudia. Mwambie Mama nguo alizomshonea zimemtosha, isipokuwa ile ya kijani, ambayo hataki kuivua hata kufuliwa.

Nilizungusha gurudumu, baba.

Nilifanya yote uliyoniambia. Kizibo cha juu kilikuwa kigumu, nikakipiga kwa nyundo na spana mpaka kikakubali. Oili ilitoka nyeusi, nyepesi, na kidogo kuliko nilivyotarajia. Ndani yake mlikuwa na unga wa chuma unaong'aa, lakini hakuna kipande hata kimoja nilichoweza kukishika kwa vidole. Meno ya gia ni mazima. Nimeyapitia moja moja kwa tochi, kama ninavyotafuta mvi kwenye kichwa cha mteja anayeninyima ukweli kuhusu umri wake. Kuhusu harufu hukusema uongo. Mteja wangu mmoja aliuliza kama kuna kitu kimekufa nyuma ya saluni.

Mlio unabadilika kwenye kona. Nilikuwa nimelijaribu barabarani kabla ya kulipandisha kwenye stendi.

Kisha nikatoa pini. Nikataka kutoka chini, nikashika gurudumu ili ninyanyuke, likazunguka. Nikasikia kitu kinadondoka kwenye beseni la oili, halafu kingine. Vigia viwili vimetoka. Nimejaribu kuvirudisha, kimoja kinaingia, cha pili kinakataa. Magoti yangu yanaunguruma kuliko difu yenyewe. Nimelifunika gari, nasubiri neno lako.

Kuna jambo nililikuta kule chini kabla sijaanza kufungua chochote. Siwezi kuliandika leo. Nitaliandika siku nyingine.

Mkweo,
kinyozi

5 Mei 1994

Mkwe wangu, marahaba.

Nimekujibu upesi kwa sababu gari lililofunguliwa linaingia vumbi. Huku wazima. Mikongojo nimeiacha, natumia fimbo moja. Mama mkwe wako ananifuata nyuma kila niendapo, kana kwamba mimi ndiye niliyeotesha jino jipya.

Vigia hivyo viwili havirudi kimoja kimoja. Vinaingia pamoja, kimoja juu na kimoja chini, vikitazamana sawasawa. Vishikishe kwenye meno ya zile gia za pembeni, halafu zungusha taratibu, na vyenyewe vitatembea mpaka mahali pake. Utaona tundu la pini limekaa sawa pande zote. Kama halijakaa sawa umekosea jino moja, toa uanze upya. Usitumie nyundo.

Usione aibu. Mwenye gari alipokuwa msichana mdogo alizungusha gurudumu vivyo hivyo, mbele ya wateja, siku niliyokuwa nimemsifu. Alilia kidogo, akajifuta kwa mkono wenye grisi, kisha akanikataza nisimsaidie. Alibaki chini pale mpaka mama yake akaja kunigombeza mimi. Mwishowe alivirudisha vile vigia. Alitoka, akanawa, akaomba chakula.

Oili ikiwa kidogo na nyepesi, maana yake ilikuwa inavuja muda mrefu. Kagua sili ya mbele, ile pete ya kuzuia oili, mahali mtaimbo unapoingia. Kabla hujafungua nati yake tia alama kwa patasi, kwenye nati na kwenye chuma kinachoishika, ili ukiirudisha ikae pale pale ilipokuwa. Ukiikaza kupita ile alama utaua beringi mpya kabla hazijaona barabara.

Hicho ulichokikuta chini ya gari mimi sikuulizi.

Mzee wa gereji

29 Mei 1994

Baba, shikamoo.

Difu imenyamaza.

Naomba radhi nimeanza na hilo kabla ya salamu. Sisi wazima. Mjukuu wako amepata rafiki mtaani, binti wa muuza mkaa, na sasa saluni yangu ina wateja wawili wasio na ndevu wanaokaa kwenye viti vyangu kutwa nzima. Mwambie Mama nimeipata ile picha yake aliyotutumia na nimeibandika juu ya kioo.

Vigia viliingia jioni ileile nilipopata barua yako. Sijui nikueleze vipi. Vilitembea vyenyewe mpaka mahali pake, kama ulivyosema, na nikajikuta nacheka peke yangu nimelala chali kwenye zege. Beringi nilipeleka zikashindiliwa kwenye ekseli na fundi mwenye mashine, wa mtaa wa pili, wanamwita Bwana Grisi. Mengine yote nimefanya mimi. Sili mpya, gasketi mpya, mfuniko nimeukaza kwa kupishanisha bolti kama unavyofunga gurudumu, na oili nimejaza mpaka ikaanza kuchuruzika kwenye tundu la juu.

Kisha nikalipeleka barabara ya uwanja wa ndege, iliyonyooka. Nilipandisha mwendo kidogo kidogo nikingoja mlio uanze. Haukuanza. Ilisikika injini tu, ile sauti yake nzito. Mtoto alikuwa amekaa kando yangu, akasema, "Baba, gari halilii tena." Nikasimamisha pembeni. Ilibidi nisimame.

Shule zinafunga mwezi ujao. Naomba ruhusa tuje.

Mkweo,
kinyozi

20 Juni 1994

Mkwe wangu, marahaba.

Tumefurahi kusikia mjukuu ana rafiki. Huku mvua imechelewa kuisha na barabara ya mlimani ina mashimo. Mama mkwe wako anakusalimu.

Usije bado. Difu iliyofunguliwa haipelekwi safari ndefu hivi hivi. Beringi mpya zinaachia chembe za chuma zinapozoeana na mahali pake, na chembe hizo zikibaki kwenye oili zinasaga kila kitu. Litembeze hapo mjini wiki kadhaa, kisha mwaga oili yote, utie nyingine mpya. Ndipo uniandikie.

Mwambie mtoto asifanye haraka.

Mzee wa gereji

10 Julai 1994

Baba, shikamoo.

Hatujambo. Mtoto alishikwa na kikohozi, sasa kimepoa. Nimemnyoa mwalimu wake mkuu, na nadhani ndiyo maana ripoti yake ya shule imeandikwa kwa upole.

Oili nimemwaga. Imetoka safi, rangi ya asali, nimeipitisha kwenye kitambaa cheupe na hakuna hata chembe. Nimetia nyingine. Gari liko tayari. Mtoto amepanga nguo zake kwenye begi, na kila asubuhi analifungua begi kutoa nguo ya kuvaa, kisha jioni anairudisha. Shule zitafunguliwa karibuni, lakini nimezungumza na mwalimu wake, ataturuhusu hata katikati ya muhula.

Tunangoja neno lako tu.

Mkweo,
kinyozi

25 Agosti 1994

Mkwe wangu, marahaba.

Nimechelewa kujibu, nilikuwa na shughuli. Huku hakuna jipya.

Nimefikiri kuhusu kazi hiyo. Hukunieleza kama ulipima namna meno yanavyogusana. Inawezekana yanagusana pembeni, na hilo halitoi sauti mwanzoni, linakuja kutokea mbele ya safari, mahali hakuna fundi wala mtu. Fungua mfuniko tena. Pakaa rangi kwenye meno ya gia kubwa, zungusha, tazama rangi inafutika wapi. Beringi nazo, za siku hizi siziamini. Pengine utafute za zamani.

Usilisogeze gari nje ya mji mpaka hayo yote yafanyike.

Mzee wa gereji

11 Septemba 1994

Baba, shikamoo.

Natumaini u mzima. Natumaini Mama hajachoka kumngoja mjukuu wake, maana ameniandikia kupitia kwa jirani yake akiuliza kama nimebadili nia, na kwa nini sikumwambia. Sijambo mimi. Mtoto hajambo, ila begi lake amelifungua, na nguo amezirudisha kabatini bila mimi kumwambia.

Barua yako nilikwenda nayo kwa Bwana Grisi. Nilimwomba tufungue difu pamoja, tupake rangi kama ulivyosema. Huyu ni mtu wa maneno machache. Alipaka, akazungusha, akatazama, akaniita nami nitazame. Rangi imefutika katikati ya kila jino, sawasawa, kuzunguka gia nzima. Alinyanyuka, akafuta mikono, akaniuliza nani ameniambia kuna kasoro. Nikamwambia ni baba mkwe wangu, fundi wa miaka mingi.

"Basi huyo mzee anajua kwamba haina kasoro," akasema. "Muulize anachokiogopa."

Mimi sikuulizi, baba. Nimekaa na barua zako zote na nadhani naanza kuelewa. Sina hasira. Lakini nami kuna jambo nilikuficha, na nahisi tukiendelea hivi tutafunguana bolti mimi na wewe mpaka tuzeeke.

Nilikwambia nilikuta kitu chini ya gari. Siku ya kwanza nilipoingia chini na spana, nikagusa bolti ya mfuniko nikitegemea iwe ngumu, ikazunguka kwa kidole. Nikagusa ya pili, hivyo hivyo. Zile za upande wa kulia zote zilikuwa zimeshalegezwa. Za kushoto zilikuwa zimekaza, na mojawapo ina michubuko mipya ya spana iliyoteleza.

Nikakumbuka. Wakati huo alikuwa ameshakonda, daktari alishamwambia asinyanyue hata ndoo. Nilirudi kutoka saluni mchana nikamkuta uani, ameketi chini, ameegemea tairi la nyuma, suruali imejaa vumbi. Nikamuuliza anafanya nini. Akaniambia anaota jua. Nilimbeba mpaka ndani, alikuwa mwepesi sana, na mikono yake ilinuka chuma. Sikuuliza tena.

Alikuwa anataka kuja kwenu, baba. Ugonjwa alikuwa hajakuambia, na alinikataza nisikuambie, kwa sababu alitaka kukuambia mwenyewe, ana kwa ana, akiwa amekuja kwa gari lake na anatembea kwa miguu yake. Alisema, "Baba akisikia kwa mtu mwingine atadhani nimekufa tayari." Alikuwa anatengeneza difu ili aje akuambie. Nusu ya bolti aliziweza.

Hizo za kulia sikuzigusa kwa spana wakati wa kufungua. Nilizitoa kwa vidole.

Mkweo

9 Oktoba 1994

Mkwe wangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma, nikampa mama mkwe wako, naye akamwita binti wa jirani amsomee, kisha akakaa nje mpaka giza likaingia. Tuko wazima. Nitajaribu kuandika vizuri.

Huyo Bwana Grisi ni fundi. Mpe salamu zangu. Difu yako ilikuwa nzima tangu uliponiandikia mara ya kwanza kwamba imenyamaza. Nilijua. Mtu aliyeweza kurudisha vile vigia, akaona unga wa chuma bila vipande, akakaza kwa kupishanisha, hawezi kukosea mengine. Ningekuwa gerejini ningekusifu mbele ya watu.

Mimi sikumzika mwanangu. Siku ile nilikuwa nimelala na mguu umening'inizwa kwa kamba na mawe, na nilipomwambia daktari anifungue alisema nitaubakiza mguu hapo hapo. Mama yake akaenda peke yake. Aliporudi aliweka begi mlangoni akaja kukaa pembeni ya kitanda changu, na wala hakunieleza na wala sikumuuliza. Kwa hiyo mimi sikuona kitu. Niliambiwa tu.

Halafu ukaniandikia kwamba gari lina mlio, kwamba difu haijatengenezwa, na kwamba alikuwa anataka kuja. Mkwe wangu, ile barua ilinifaa kuliko dawa. Nilikuwa nikilala nawaza, mwenye gari amechelewa, difu inamsumbua. Maisha yake yote akichelewa ilikuwa ni gari. Nilikaa naye hivyo miezi mizuri. Nikikuandikia kuhusu bolti, nilikuwa namwandikia yeye. Kisha ukasema imenyamaza na unakuja, nikaona kwamba gari likiingia kwenye ua wangu na mlango wa dereva ukifunguka, basi. Hakutakuwa na sababu nyingine ya yeye kuchelewa.

Nimemnyima mama yake mjukuu kwa ajili hiyo. Ameniambia hivyo kwa sauti, jana, na ana haki.

Zile bolti za kulia. Nilimfundisha aanze kulia. Nitaishia hapo.

Njooni. Msingoje barua nyingine.

Baba yenu

30 Oktoba 1994

Baba, shikamoo.

Tumefika nyumbani salama. Gari halikulia njia nzima, si kwenda wala kurudi. Mtoto alilala tangu darajani, ameshikilia yai alilopewa na Mama, na mpaka tunafika lilikuwa bado zima. Amekataza lisipikwe. Mwambie Mama kwamba kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze mtoto amelala usiku kucha kwenye kitanda chake mwenyewe.

Samahani kama tulifika huko kwenu mapema kuliko mlivyotarajia. Nilipozima injini Mama peke yake ndiye aliyetoka, akasema umekwenda kwa jirani. Niliogopa kwamba umekasirika. Ulipojitokeza baadaye ukanishika mkono tu, nikashindwa kujua kama una hasira.

Kuna mambo mawili nataka kukuuliza. La kwanza, ulikaa chini ya gari muda mrefu sana. Mama aliniambia nikuache, nikakuacha, lakini nilikuwa nasimama dirishani kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Kama uliona kasoro naomba uniambie, sitavunjika moyo. La pili, mtoto anasema uliumia mkono ulipokuwa huko chini. Hukutuambia. Na chuma kikikukata kina sumu, naomba uuonyeshe hospitali.

Mkweo,
kinyozi

20 Novemba 1994

Mwanangu, marahaba.

Yai la watu lipikwe, litaoza. Mama yako anasema atamtumia mjukuu jingine. Fimbo sasa natumia nikitoka tu, ndani natembea nikishika kuta. Gereji nimeanza kwenda asubuhi, na nimekuta mambo hayako sawa, kama nilivyojua.

Sikuwa kwa jirani. Nililisikia gari tangu darajani, injini ile haiwezi kuja kimyakimya. Nilinyanyuka. Nilikuwa nimevaa shati safi, nimenyolewa, nimekaa pale mlangoni tangu asubuhi kama mtu mwenye akili zake. Kisha ukaanza kupanda mlima. Pale kwenye mti uliokatwa ndipo panapobadilishwa gia. Mwenye gari alibadilisha pale siku zote, hakuwahi kukosea. Wewe ulipita, injini ikalemewa, ukabadilisha mbele. Hapo ndipo nilipojua kwa masikio yangu kwamba si yeye anayeendesha. Nikaenda nyuma ya banda la kuku, nikasimama huko. Nikauona mlango wa dereva ukifunguka kupitia kwenye mbao. Nikaona mguu wa mwanamume. Sikuweza kutoka. Ukafunguka mlango wa pili, akashuka mtoto mwenye nguo ya kijani, akaanza kuwafukuza kuku waje upande wangu, ndipo ikabidi nitoke.

Kazi yako haina kasoro. Nilijua hivyo nilipogusa mfuniko kwa kiganja, ukavu mtupu. Nilikaa huko chini kwa sababu nyingine. Ndani ya nyumba kuna mama yake, na sebuleni ulikuwepo wewe, na kila mmoja wenu ana lake. Mzee akilala chini ya gari, watu wanasema anakagua, wanamwacha. Nilizigusa zile bolti za kulia, moja moja, kisha nikamlilia mwanangu. Sikuwa nimemlilia bado. Machozi yaliingia masikioni, maana nilikuwa chali.

Mtoto aliingia kwa upande wa tairi, akatambaa mpaka akalala kando yangu. Alinitazama. Akaniuliza, "Babu, umeumia?"

Nikamwambia ndiyo, nimeumia.

"Wapi?"

Sikujua pa kumwonyesha, nikampa mkono. Aliushika kwa mikono yake yote miwili akaupuliza, kwa lile pengo la jino, muda mrefu, akaniuliza kama umepoa. Nikamwambia umepoa.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, mwanangu. Mkono wangu ni mzima. Ukipata nafasi, njoo na gari unichukue, unipeleke nikamwone pale mlipomlaza.

Baba yako